Thelathini na Mbili

Malipo ya mnada wa tatu yaliingia Alhamisi.
Ijumaa, kabla ya adhana ya mchana,
Chilumba alishuka kwenye bodaboda
amekumbatia boksi
kama mtu aliyeruhusiwa wodini na kichanga.

Ukuta wetu ni mmoja, na haufiki kwenye paa.
Fundi alisema atarudi kuumalizia;
huu ni mwaka wa tisa.
Kwa hiyo sabufa ya Chilumba ilikuwa yetu sote,
ila rimoti ilikaa kwake.

Ina kioo kidogo chenye namba nyekundu.
Mwanangu Tabia alikwenda kuchungulia, akaja kunisimulia:
"Mama, kumi na tano ni ya kupikia,
ishirini ni ya wageni,
thelathini na mbili ndiyo mwisho, mbele hakuna kitu."
Chilumba alikuwa mtu wa mwisho.

Thelathini na mbili, vifuniko vya sufuria vinaitikia.
Thelathini na mbili, bati linakohoa
vumbi la salfa la tangu Julai,
linatua kwenye uji.
Kuku wangu mwekundu alihama na mayai tumboni
akaenda kutagia kwa watu, huko njia ya Nanhyanga.
Nikasema moyoni: hata kuku ana pa kwenda.

Nilimwendea. Si kwa shari,
nilibeba bakuli la mabibo, na heshima juu yake.
"Baba Esha, masikio nayo ni viungo."
Akapunguza hadi kumi na nane, mbele ya macho yangu.
Nilipofika mlangoni kwangu
thelathini na mbili ilikuwa imenitangulia,
imeshakaa.

"Mwache," Swalehe akasema.
"Amekula salfa miezi mitatu. Ameokota mwenyewe, punje kwa punje.
Pesa ya korosho ikikaa mfukoni haina sauti."
Tukaligombania na hilo, mimi na mume wangu,
kwa koo zetu zote, na hakuna aliyetusikia.
Tuligombania ada, dada yake, ndoo ya maji iliyomwagika,
na yule mwanamke wa Newala
ambaye hayupo,
ambaye labda yupo.

Mwezi wa tatu sabufa ilitoka,
ndani ya boksi lilelile, ikapanda bodaboda.
Chilumba hakusema inakwenda wapi.
Mwezi wa tatu, huku Tandahimba, watu hawaulizani.

Usiku ule nililala mapema kuisubiri raha.
Nikasikia kijiko chao kikikwangua chini ya sufuria,
kikirudi kukwangua palepale.
Nikamsikia Mama Esha akihesabu:
ya dawa, ya luku, ya kumrudishia Nambute.
Nikamsikia Chilumba, yule Chilumba,
akisema "nimeelewa"
kwa sauti ambayo kile kioo
kisingepata namba ya kuiandika.

Upande wetu Swalehe alikuwa ameshafungua mdomo
aanze lile la Newala.
Nikamwonyesha juu, pale ukuta unapoishia.
Akaufunga.
Tangu hapo tunagombana kwa macho,
kwa namna ya kutua kikombe.
Ni kazi.
Mengine yameozea ndani bila kusemwa.
Mengine, nakiri, yamekwisha.

Juzi amepita na pampu mgongoni,
nyusi zake za njano kwa salfa.
"Mwaka huu imebeba?"
"Imebeba."
Nilitaka kumwambia, ukinunua tena, ishirini inatosha.
Kisha nikakumbuka kijiko,
nikakumbuka na ya kwetu,
mdomo ukasema mengine:
"Namba ya yule fundi wa ukuta nimeipata."
Chilumba akacheka, akaangalia juu ya paa.
"Tusubiri mnada kwanza," akasema,
taratibu,
kama mtu anayejua kuwa tunasikia.